Bustani isiyo na hadithi haina mlinzi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kwa idhini yao ningependa kuongeza kwamba mji unaosahau hadithi zake hatimaye hunyang'anywa ardhi yake. Nasema hivi kwa sababu humu nchini tumezoea kuyazungumzia maeneo ya kijani ya mijini kana kwamba ni shughuli ya wahandisi, wanakandarasi na wenye fedha pekee. Pakitajwa bustani ya umma, mara moja tunaulizana ni ekari ngapi, ua ni wa aina gani, vyoo ni vingapi na zabuni amepewa nani. Hayo ni maswali ya haki. Hata hivyo, lipo swali moja linalopaswa kuyatangulia yote, nalo huulizwa kwa nadra mno: mahali hapa pana hadithi gani, na ni nani aijuaye?

Nia yangu katika makala haya ni kuwashawishi walimu na wanafunzi kwamba swali hilo halifai kuachiwa vikao vya jioni baada ya kazi kwisha. Linahusu usanifu wenyewe wa bustani, na linahusu usalama wa ardhi ya umma. Bustani iliyobuniwa bila kuwasikiliza watu wa mahali pake huwa yatima, na sote tunajua jinsi mali ya yatima inavyoliwa.

Hebu tutazame historia ya karibu. Bustani ya Uhuru jijini Nairobi ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1989, ulitangazwa mpango wa kujenga humo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai aliupinga mpango huo kwa barua na kwa kauli, akakejeliwa hata Bungeni. Katika barua zake aliufananisha mradi huo na kujenga jumba katika Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Kwa ulinganisho huo mmoja, kipande cha nyasi kilichoonekana na wakubwa kuwa kiwanja kitupu kikageuka kuwa heshima ya taifa. Hatimaye mradi uliachwa.

Bustani hiyo hiyo ilizidi kupata hadithi. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikita kambi katika pembe yake moja, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Mnamo Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoza machozi. Pembe hiyo inajulikana hadi leo kwa jina la Freedom Corner. Ni katika bustani hiyo ambamo Katiba ya sasa ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na mwaka wa 2015 ikazinduliwa humo sanamu ya kuwakumbuka wapiganaji wa Mau Mau. Hakuna msanifu aliyeichora Freedom Corner katika ramani yake. Ilichorwa na akina mama waliokaa chini na kukataa kuondoka.

Tukivuka barabara chache tunafika katika bustani ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka wa 1906. Mnamo 1991 ulizuka mpango wa kuijenga, pawe na maduka na maegesho ya magari. Aliyesimama mbele kuupinga ni mjukuu wake, Zarina Patel. Silaha yake kuu ilikuwa masimulizi: alijua bustani ilitoka kwa nani, ilitolewa kwa nani na kwa nia gani. Leo watu wa kila kabila hupumzika humo adhuhuri. Kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakikutana kwenye viti vyake kujadili mambo ya nchi, hata kikao chao kikapata jina la Bunge la Mwananchi.

Mfano wa tatu ni wa mti mmoja tu. Barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mgumo mkubwa uliosimama kando ya Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa umewekwa katika orodha ya kung'olewa. Wananchi walipiga kelele, na mnamo Novemba 2020 serikali ikaamuru usiguswe. Mgumo ni mti wa ibada kwa jamii ya Wakikuyu, nao una masimulizi mengi. Watu waliufahamu, wakautetea. Lakini miti mingine mingi kando ya njia hiyo hiyo iliangushwa, na wengi wetu hata hatukuwahi kujua majina yake. Nawaomba walimu waitumie tofauti hiyo darasani. Miti yote ile ilitoa kivuli na ilisafisha hewa. Uliopata msamaha ulikuwa ule uliokuwa na hadithi.

Somo hili si geni kwetu Waafrika wa Mashariki. Misitu ya kaya za Wamijikenda katika pwani yetu haikulindwa na seng'enge. Ililindwa na masimulizi ya uhamiaji, makaburi ya mababu, viapo na miiko. Mtoto aliyeelezwa kwa nini mti fulani haukatwi alikua akiwa mlinzi wa msitu bila mshahara. Mwaka wa 2008 shirika la UNESCO liliitia misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na katika kufanya hivyo dunia ilikiri jambo ambalo wazee wa kaya walilijua tangu zamani. Masimulizi ni chombo cha uhifadhi.

Walimu wa sarufi watanielewa nikilieleza jambo hili kwa njia ya ngeli ya mahali. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: PA, KU na MU. Tunasema huku au kule tunapotaja mahali pasipo dhahiri, hapa tunapotaja mahali mahususi, na humu tunapozungumzia ndani. Kwa mtaalamu aliye ofisini na ramani yake, kiwanja cha mtaani ni kule. Mkazi akisimulia lililotokea kwenye kiwanja hicho, kule kunakuwa hapa. Na siku mkazi huyo anapokuta sauti yake, mti wake na kivuli chake vimeheshimiwa katika bustani iliyojengwa, husema humu, kama mtu asemavyo akiwa nyumbani kwake. Kazi nzima ya kubuni bustani ya umma ni safari hiyo ya kutoka kule hadi humu. Bustani zetu nyingi mpya hukwama kule: zina vigae vinavyong'aa, taa ndefu na maua ya msimu, ila mkazi wa jirani hupita kando yake kama mgeni.

Sasa, hadithi inawezaje kugeuka kuwa njia, kiti na kivuli? Wapo wanaodhani kwamba kutumia hadithi ni kusimamisha sanamu moja langoni na kuandika jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Huo ni ubandikaji tu. Usanifu unaotokana na masimulizi huanza kabla kalamu haijagusa karatasi, nao unaongozwa na mambo manne.

Kwanza ni majina. Majina ya mahali ni hadithi zilizofupishwa. Nairobi inatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nyrobi, yenye maana ya maji baridi. Kibera linatokana na Kibra, neno ambalo kwa Wanubi waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 lilimaanisha msitu. Tazama basi kinaya kilichopo: jiji la maji baridi ambalo mito yake hunuka, na mtaa uitwao msitu usio na kivuli cha kutosha. Msanifu anayeyasikiliza majina haya huwa tayari amepewa maagizo ya kazi. Maji yarudishwe na watu wayafikie, na miti ya asili irudishwe palipoitwa msitu.

Pili ni mienendo ya watu. Kila kiwanja kina vijia vilivyokanyagwa na miguu kwa miaka mingi. Kila mtaa una mti ambao chini yake mama huuza mboga, kijana hushona viatu na wazee hucheza bao au drafti. Muda mrefu kabla ya eneo la Mama Ngina la Mombasa kukarabatiwa mwaka wa 2019, wenyeji walikuwa wakienda huko jioni kupunga upepo chini ya mibuyu, kutafuna mihogo na kunywa madafu huku meli zikipita. Desturi kama hiyo ni maarifa ya usanifu yaliyokusanywa na vizazi. Atakayeweka viti juani na kuwafukuza wachuuzi wa madafu atakuwa amepata sakafu safi na kupoteza mahali.

Tatu ni kumbukumbu, ikiwemo ile ya uchungu. Katika msitu wa Karura, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, njia za matembezi huwafikisha watu kwenye maporomoko ya maji na kwenye mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Ni msitu huo huo ambamo Profesa Maathai na wenzake walishambuliwa mnamo Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani kuwaunga mkono. Matembezi ya saa moja humo yanaweza kuwa somo la viumbe, la historia na la uraia kwa pamoja. Mjini Thika nako kuna bustani ya Mugumo. Husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiro alisema utawala wa wageni ungekoma siku mgumo uliokuwa hapo ungeanguka, na kwamba wakoloni wakauzungushia kinga ili usianguke. Mti huo ulianguka mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru wetu. Mahali penyewe ni padogo, lakini pana uzito usioweza kununuliwa kwa zabuni yoyote.

Nne ni hadithi za viumbe wenyewe. Mfano bora ninaoujua uko Bamburi, Mombasa. Mwaka wa 1971 mtaalamu Rene Haller alipewa kazi ya kuyafufua machimbo ya kampuni ya saruji, jangwa la mwamba na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, ikamea michache sana, ukiwemo mvinje. Mvinje ulipukutisha majani lakini hayakuoza, mpaka majongoo walipoletwa kuyala na kuyageuza kuwa udongo. Palipokuwa shimo pakawa msitu wenye wanyama, unaojulikana leo kama Haller Park. Kisha, baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepotezana na mama yake aliokolewa baharini akapelekwa huko, akamfuata kobe mzee kana kwamba ndiye mzazi wake. Kiboko akaitwa Owen, kobe akiitwa Mzee. Hadithi yao iliandikwa vitabuni ikasomwa na watoto kote ulimwenguni. Mtoto anayekumbuka jongoo aliyetengeneza udongo na kobe aliyemlea kiboko hatahitaji kubandikiwa amri ya kutokanyaga majani.

Najua yapo mapingamizi. Wa kwanza atasema kwamba mwananchi maskini anataka nyumba, maji na kazi, hana haja ya ngano. Namjibu kwamba maskini ndiye anayeihitaji bustani ya umma kuliko wote, kwa kuwa hana ua wake mwenyewe nyumbani. Tena yeye ndiye aliyetuonyesha njia. Huko Korogocho vijana walisafisha kipande cha ukingo wa Mto Nairobi kilichokuwa jaa la taka na maficho ya uhalifu, wakakigeuza kuwa bustani ya watu. Huko Dandora wakazi waliungana kusafisha nyua zao na kuzipanda miti, mtaa ukishindana na mtaa. Hawakungoja kufafanuliwa maana ya usanifu shirikishi. Waliijua hadithi mbaya ya mahali pao, wakaamua kuiandika upya kwa koleo na miche.

Wa pili atauliza: katika jiji lenye watu wa kila kabila, ni hadithi ya nani itakayosimuliwa? Je, hatutazua ugomvi? Hofu hii ina msingi, kwa maana hadithi ya mahali inaweza kutumiwa kuwafukuza wengine. Dawa yake ni kuzikusanya hadithi nyingi na kuzipa nafasi bega kwa bega. Katika City Park ya Nairobi amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Mkewe Sheila amelala kando yake, na si mbali nao liko kaburi la Pio Gama Pinto, mzalendo wa asili ya Goa aliyeuawa kwa risasi mnamo Februari 1965. Ukiweka hapo jina la Jeevanjee, la akina mama wa Freedom Corner na la Wanubi wa Kibra, utaona kwamba bustani za jiji hili hazijawahi kuwa mali ya kabila moja. Masimulizi yakisemwa yote, huwa daraja. Yanayochochea ugomvi ni yale yaliyochaguliwa nusu nusu.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi. Kuna hatari kwamba wakubwa watawaita wananchi kwenye ukumbi, wawape soda, wasikilize hadithi zao kwa adabu, kisha warudi kwenye ramani waliyokwisha kuichora. Huo utakuwa ulaghai uliovishwa kanzu. Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaiagiza serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika kusimamia na kulinda mazingira, na kujitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kwa hiyo kipimo kiwe wazi. Kila hadithi iliyokusanywa ionekane imebadilisha nini katika ramani: njia gani imehifadhiwa, mti gani umenusurika, kiti gani kimehamishwa. Kama hakuna kilichobadilika, basi watu hawakusikilizwa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika masomo ya fasihi simulizi tumewafunza wanafunzi kutofautisha visasili na mighani, ngano za usuli na hurafa. Tumewafunza pia mbinu za utafiti nyanjani: mahojiano, hojaji, kurekodi sauti na kushiriki. Mara nyingi maarifa hayo huishia kwenye karatasi ya mtihani, mwanafunzi akitaja manufaa matano na matatizo matano ya ukusanyaji bila kuwahi kukusanya lolote. Mtaala wa Umilisi unadai mwanafunzi aihudumie jamii yake. Huduma gani ingekuwa bora kuliko kuikusanyia mitaa yake hadithi kabla wazee hawajaondoka nazo?

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Darasa lichague kiwanja kimoja cha umma kilicho karibu na shule. Kundi la kwanza liwahoji wazee na wakazi wa miaka mingi juu ya palivyokuwa. Kundi la pili likae hapo asubuhi, adhuhuri na magharibi, liandike ni nani hupita, ni nani huketi, na wasichana huogopa kupitia wapi. Kundi la tatu lihesabu miti na kutafuta majina yake kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Kundi la nne lichore ramani inayoonyesha hadithi zote hizo mahali zilipotokea. Mwisho, ramani na masimulizi yapelekwe kwa mwakilishi wa wadi na kwa ofisi ya kaunti inayohusika na mipango, na nakala ibaki katika maktaba ya shule. Mnyakuzi akija kesho na hati ya kughushi akidai kwamba kiwanja kilikuwa mahame, atakutana na ushahidi wa darasa zima.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Msidhani kwamba hadithi za mahali ni za kale tu. Nyinyi mtakuwa wazee wa mitaa hiyo. Mti mtakaoupanda mwaka huu, mkaupa jina na kuandika siku mliyoupanda na kwa nini, utakuwa na watetezi baada ya miaka hamsini. Mti uliopandwa na mheshimiwa mbele ya kamera, usipotiliwa maji wala kusimuliwa na yeyote, hukauka kabla ya msimu wa pili wa mvua.

Kwa wale walio na mamlaka juu ya ardhi ya miji yetu, ombi langu ni kwamba kila mradi wa bustani ya umma uanze na masikio. Kabla ya kutangaza zabuni, waulizwe waliokaa hapo kwa miaka mingi, waulizwe watoto wanaocheza hapo, waulizwe akina mama wanaochuuza hapo. Kisha msanifu aketi chini na kuchora. Ua wa chuma hukatwa usiku mmoja, na hati ya ardhi inaweza kupotea ofisini. Mtaa mzima unaojua kisa cha bustani yake ni mlinzi asiyelala, na haombi mshahara.